DisneyQuest: Ghorofa tano za gemu zilikufa taratibu, na sio PlayStation iliyoziua

Leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Nina ishu inayonigusa mwenyewe, na ni ishu ya hela.

Kuna mshkaji wangu, jina kapuni, ana kibanda cha gemu mtaani kwetu. TV nne, PS nne, benchi mbili na feni moja inayozungusha joto tu. Juzi usiku kanitumia sauti ya dakika sita WhatsApp. Kwa kifupi anataka kuuza TV zote nne na PS zake, aongezee hela ya kikoba, anunue miwani tatu za VR na abadilishe jina la kibanda. Maneno yake: "TV zimepitwa bro, watu sasa hivi wanataka waingie ndani ya gemu." Mimi nina laki tatu zangu kwenye kile kibanda, nilimpa mwaka juzi akaongezea PS moja. Ndio maana kabla hajauza kitu anataka nimwambie ndiyo au hapana.

Sikumjibu. Nikaingia YouTube kutafuta kama kuna mtu duniani alishawahi kufanya hiki kitu kabla yake. Yupo. Tena sio mtu wa kawaida, ni Disney wenyewe, wale wa Mickey Mouse. Walikuwa na hela kuliko mtaa wetu mzima mara elfu, wana mainjinia, wana wachoraji, wana jina ambalo mtoto yeyote analijua. Na bado walichemka.

Nimeangalia video mpaka bando limekata mara mbili. Nikasoma na komenti za watu waliofika pale wakiwa watoto. Karibu kila mtu anasema kitu kimoja: "PlayStation ndiyo iliyoiua." Kiukweli mimi sikubaliani, na leo nataka niwaambie kwa nini.

ILIKUWA NINI HASA

DisneyQuest ilifunguliwa tarehe 19 Juni 1998 kule Orlando, Florida, Marekani. Lilikuwa jengo la ghorofa tano, kubwa, halina madirisha. Ukiliona kwa nje unaweza ukadhani ni ghala, ila ndani yote ni gemu. Hakuna jua, hakuna mvua, hakuna kujua saa ngapi.

Huingii kwa mlango wa kawaida. Unaingizwa kwenye lifti, humo anatokea yule Jini wa kwenye Aladdin anakupigia stori, mlango ukifunguka uko katikati ya jengo na una njia nne za kuchagua. Kulikuwa na sehemu ya kwenda safari, sehemu ya kushindana, sehemu ya kubuni vitu vyako mwenyewe, na sehemu ya gemu za zamani zile za kusimama mbele ya mashine.

Sasa sikilizeni vilivyokuwemo, maana hapa ndipo unawaheshimu waliovibuni.

Kulikuwa na gemu ya Aladdin ambapo unakaa kwenye kiti, unavaa kofia ya VR na unarusha zulia juu ya mji. VR hiyo wadau, mwaka 1998! Mwaka huo wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa hatujazaliwa au tunatambaa. Na walishaanza kuijaribu kwa watu kwenye bustani yao nyingine miaka kadhaa kabla. Kwa hiyo mshkaji wangu anaposema VR ni kitu cha kesho, nataka ajue kuna watu waliichoka kabla yeye hajaanza darasa la kwanza.

Kulikuwa na kompyuta ambayo unabuni njia ya treni yako ya kasi, zile za kupanda na kushuka na kugeuka kichwa chini. Unachagua kona, unachagua mzunguko, ukimaliza wewe na mwenzako mnafungwa ndani ya chumba kidogo kinachogeuka kweli kweli, mnapanda kile mlichokibuni. Ukibuni ujinga, utazungushwa na ujinga wako.

Kulikuwa na mtumbwi wa kujaza upepo. Mnakaa mkiwa na makasia ya kweli mikononi, mbele kuna skrini kubwa yenye mto na dinosaria, mnapiga kasia mpaka jasho linatoka na maji mnarushiwa.

Kulikuwa na vigari vya kugongana, ila kwa staili yao. Mmoja anaendesha na kuokota mipira chini, mwenzake anaipiga kama mzinga kwenda kwenye gari la wengine. Gari likipigwa sehemu yake, linazunguka lenyewe.

Halafu mwaka 2000 wakaleta ile ambayo kila aliyefika anaitaja kwanza, ya maharamia. Mnaingia watu wanne au watano ndani ya meli. Skrini zimewazunguka. Mmoja ni nahodha anashika usukani, wengine wanakimbia huku na huku kwenye mizinga, mnavuta kamba mnapiga. Gemu nzima ilikuwa ya dakika tano hivi, na walioitengeneza walihakikisha kwamba hata nahodha akipotea baharini, vita vitamfuata alipo. Hakuna kundi lililotoka pale halijafanya fujo. Angalieni video zake, kelele tu. Mpaka babu wa watu anapiga kelele.

Hiyo gemu ya maharamia muiweke kichwani. Tutairudia.

WALIVYOPANDA

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Disney waliona watu wengi hawana hela wala muda wa kusafiri mpaka Florida au California kwenye bustani zao kubwa. Wakasema basi tuwafuate mijini kwao. Wakaanzisha kitengo cha kujenga sehemu ndogo za burudani kwenye miji mbalimbali, na DisneyQuest ilikuwa mojawapo. Orlando ya kwanza, kisha Chicago, kisha Philadelphia, kisha miji mingine na mingine.

Chicago ilifunguliwa Juni 1999, katikati ya jiji, karibu na mitaa ile ya maduka ya gharama. Kwenye picha za wakati ule kila kitu kinang'aa, na huoni mtu anayeonyesha kama ana wasiwasi.

Tarehe 4 Septemba 2001 Chicago ikafungwa. Miaka miwili na miezi kidogo. Kwenye komenti kuna watu wanasema ni kwa sababu ya mashambulizi ya Septemba 11. Hapana. Ilifungwa wiki moja kabla ya yale mashambulizi. Kalenda haidanganyi.

Na Philadelphia ndiyo inachekesha na kuuma. Kule walikuwa wameshachimba katikati ya mji. Kisha Disney wakajitoa. Kikabaki kiwanja kitupu kwenye mtaa mkubwa, watu wa mji wakakipa jina la utani la shimo la Disney. Baadaye pakawa sehemu ya kuegesha magari, miaka na miaka. Hebu fikiria: mtoto wa pale aliambiwa linakuja jengo la gemu la ghorofa kibao, amekua, ameoa, na bado anapita pale anaona magari.

KWA NINI CHICAGO ILIKUFA NA ORLANDO IKADUMU

Hapa ndipo wale wa "PlayStation iliiua" wanapokwama. Kama PlayStation ndiyo muuaji, mbona iliua Chicago mwaka 2001 ikaiacha Orlando mpaka 2017? Watu wa Orlando hawakuwa na PlayStation?

Jibu langu ni hili. Orlando ni mji wa wageni. Watu wanatoka dunia nzima wanakuja na watoto wao, wanakaa wiki, pengine hawarudi tena maishani. Mchana kuna joto na radi za kiangazi, mvua ikishuka unatafuta paa. DisneyQuest ilikuwa paa. Isitoshe kuna aina ya tiketi za bustani kubwa zilizokuwa zinakupa na nafasi ya kuingia mle. Kwa hiyo mgeni anaingia mara moja, anashangaa, anaondoka. Kesho anakuja mwingine ambaye hajawahi kuona.

Chicago haiko hivyo. Jengo kama lile katikati ya jiji lazima limtegemee na mwenyeji, mtu anayeishi pale, anayelipa kodi ya nyumba pale, mwenye baridi yake na mshahara wake. Ameingia mara ya kwanza, kashangaa. Mara ya pili kamleta mpenzi wake. Mara ya tatu anajiuliza: naenda kufanya nini? Maharamia ni wale wale, dinosaria ni yule yule, na kiingilio ni cha pochi nzima. Mwenyeji anahitaji sababu ya kurudi. Asipopewa, harudi, na wala hakuandikii barua ya kukuaga.

Huu ndio msumari wa kwanza. Biashara ya mgeni na biashara ya mwenyeji ni vitu viwili, hata kama jengo ni lile lile na jina ni lile lile.

Msumari wa pili ni wa hesabu. Kutengeneza gemu moja kubwa kama ile ya maharamia ni gharama. Ukiwa na mpango wa matawi mengi, unaitengeneza mara moja na gharama inagawanywa kwa matawi yote. Chicago ilipokufa na Philadelphia ikabaki shimo, gharama yote ya kitu kipya ingeangukia jengo moja tu la Orlando. Ukiwa bosi unayeangalia vitabu, utasema nini? Utasema subiri kwanza. Na wakasubiri. Baada ya maharamia wa mwaka 2000, hakikuja tena kitu kipya cha ukubwa ule.

Wadau, kuanzia mwaka 2000 mpaka 2017! Katikati hapo PS2 imetoka na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. PS3 imetoka 2006. iPhone 2007. PS4 2013. Miwani za kisasa za VR zimeanza kuuzwa madukani 2016. Na mle ndani Aladdin bado anarusha zulia lile lile, kwenye mji wenye kona kona kama umejengwa kwa viboksi vya kiberiti. Na kiingilio miaka ya mwisho kilikuwa zaidi ya dola 40 kwa kichwa.

Kwa hiyo PlayStation haikuiua DisneyQuest. PlayStation ilifanya kazi yake ya kukua. Aliyekataa kukua ni mwenye jengo.

TRENI HAIZEEKI, SKRINI INAZEEKA

Kuna swali lilinisumbua. Disney hao hao wana treni yao ya gizani inaitwa Space Mountain kule kule Florida. Imefunguliwa Januari 1975. Mpaka leo watu wanapanga foleni. Mbona hii haikuwafia mikononi?

Nikakaa nikawaza, nikapata jibu. Space Mountain nyumbani kwako huna. Mwaka 1975 hukuwa nayo, leo huna, na 2050 hutakuwa nayo, labda uvunje nyumba. Tumbo lako kupanda na kushuka kwa kasi ni kitu ambacho hakijapitwa na wakati, na haiwezekani kukiweka sebuleni. Ila skrini unayo. Na kila mwaka skrini yako ya nyumbani inakuwa nzuri zaidi, wakati ile ya kwenye jengo imesimama pale pale.

Nadhani Disney waliijenga DisneyQuest kwa akili ya treni: tuweke kitu, kitakaa miaka thelathini, tutapaka rangi. Kumbe gemu ni kama maandazi. Ya asubuhi ni matamu, ya jana unamhurumia anayeyanunua.

Na angalieni ni vitu gani watu bado wanavikumbuka kwa mapenzi. Hawaandiki "picha zilikuwa kali". Wanaandika nilipiga kasia na mama, nilimgonga kaka yangu na mpira gari likazunguka, nilikuwa nahodha baba akaniamini. Vitu vilivyotumia mwili na vitu vya kucheza pamoja, hivyo vilizeeka taratibu. Vile vya mtu mmoja kuvaa kofia peke yake, vilizeeka haraka kuliko vyote. Hii sio siri ya Disney, hata kibandani kwetu iko hivyo.

KUNA WALIOFELI VIBAYA ZAIDI, NA KUNA ALIYEPONA

Disney hawakuwa peke yao. Sega, wale wa Sonic, mwaka 1996 walifungua SegaWorld jijini London, karibu na Piccadilly Circus. Ghorofa saba. Watu wakalipa kiingilio mlangoni, wakafika ndani wakakuta mashine kibao unaziwekea hela tena. Hapo unamkera mtu kabla hajashika hata usukani. Ilipofika 1999 Sega wakaondoka.

Ila Sega hao hao mwaka huo huo 1996 walifungua Joypolis kule Odaiba, Tokyo. Ile bado ipo mpaka leo. Jina lile lile, eneo lile lile, ndani ya jengo vile vile. Kwa nini? Kwa ninavyoona mimi, ni kwa sababu hawakuiacha ioze. Waliwahi kuifunga kwa muda, wakaikarabati, wakaifungua upya 2012. Na ndani yake kuna vitu vya mwili: kuna treni ndogo ya kasi, kuna ubao wa kusimama watu wawili mnabembea huku na huku mkishindana kuzunguka. Nyumbani huwezi. Ndiyo hoja yangu nzima, imesimama pale Tokyo kwa miguu yake.

Kwa hiyo msiniambie "biashara ya gemu za ndani imekufa". Haijafa. Inawafia wanaofungua milango na kukaa chini.

MWISHO WAKE

Mwaka 2015 Disney walitangaza kwamba DisneyQuest itafungwa, mahali pake pawekwe kitu cha mpira wa kikapu cha NBA. Ikachelewa chelewa, hatimaye ikafungwa Julai 2017. Jengo likavunjwa. Agosti 2019 kikafunguliwa hicho cha NBA. Machi 2020 korona ikafunga kila kitu, na wenzake wengi walipofunguliwa, chenyewe hakikufunguliwa tena. Agosti 2021 wakathibitisha kuwa ndiyo basi.

Piga hesabu. Jengo la gemu lililosemwa vibaya, lililozeeka, lenye Aladdin wa viboksi, lilidumu miaka 19. Lile jipya lililokuja kuliondoa lilifanya kazi miezi saba. Sisemi kosa ni la NBA, korona ilikuwa korona. Nasema tu kwamba ukiambiwa "hiki kimepitwa, tuweke kipya", usishangilie kabla hujajua kipya kitalishwa nini mwakani.

TURUDI KIBANDANI

Sasa kaka yangu, najua unasoma hapa. Nakujibu hadharani kwa sababu najua sio wewe peke yako mwenye wazo hili mjini.

Kwanza tufanye hesabu ya watu. TV nne, kila moja pedi mbili, mechi moja dakika kumi. Kwa saa moja unahudumia watu 48 wakikaa vizuri. Miwani tatu za VR, kila mtu dakika tano, na hapo sijahesabu muda wa kumvalisha, kumwelekeza na kumfuta jasho, ni watu 36. Na wewe unajua kwa joto la kile kibanda ile miwani ikivuliwa kwa mtu wa kwanza, wa pili ataivaa kwa kufumba macho. Kwa hiyo kila mtu umtoze zaidi. Wateja wako wakubwa ni madogo wa sekondari wanaokuja na mia tano. Utamtoza nini?

Pili, tufanye hesabu ya waliosimama. Mimi nimekaa pale benchini jioni nyingi nikikushikia hela. Wanaocheza ni wanane, ila waliomo ni ishirini. Kuna anayefundisha, kuna anayetukana kipa, kuna anayesubiri aliyefungwa atoke, kuna yule mzee wa mkaa ambaye hajawahi kushika pedi ila kila derby yupo mlangoni. Hao ndio wanaonunua soda, na hao ndio wanaorudi kesho. Ukimvalisha mtu miwani, yeye yuko peke yake kwenye dunia yake, na wengine wote wanamwangalia mtu anayepapasa hewa. Siku ya kwanza tutacheka sana. Siku ya tatu?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Wewe huna wateja wa Orlando, una wateja wa Chicago. Hakuna mgeni anayeshuka uwanja wa ndege akaja mtaani kwetu kushangaa. Wako ni wale wale, watu wa mtaa ule ule, kila siku. Kitu cha kushangaza kinamshangaza mtu mara moja. Wiki ya tatu wote watakuwa wameshashangaa.

Lakini sitaki nionekane nakukatisha tamaa, maana una hoja moja ya kweli. TV zako kweli zimechoka. Ile ya pembeni rangi ya kijani imeshamwagika, pedi mbili zinavuta kushoto zenyewe, na tangu mwaka jana hujaweka gemu mpya hata moja. Wateja wameanza kuhamia kwa jamaa wa kule stendi, na sio kwa sababu ana VR. Ana pedi nzima. Kwa maneno mengine, unachotaka kukifanya ni kile kile cha Disney ila kwa mpangilio mwingine. Wao waliacha kulisha kitu chao mpaka kikaoza, kisha wakavunja jengo kuweka kipya. Wewe umeacha kulisha kibanda, sasa unataka ukiuze chote uweke kipya. Na miwani hizo utazilisha nini mwakani, kama pedi tu zimekushinda?

Na mimi nina lawama yangu. Mwaka juzi nilipokupa laki tatu nilikuambia "ongeza PS", nikaanza kukuuliza faida kila mwisho wa mwezi. Sikuwahi hata mara moja kukuuliza umeweka pembeni shilingi ngapi ya matengenezo. Ningekuwa bosi wa Disney na mimi ningesema subiri kwanza.

Kwa hiyo jibu langu: hapana kuuza TV. Ndiyo kwa miwani moja, moja tu, kama utaipata kwa bei ya kueleweka, iwe ya Jumamosi na sikukuu, na unganisha na TV ili walioko nje waone anachokiona aliye ndani, tucheke wote. Hela ya kikoba inayobaki, nunua pedi nne na TV moja. Na kuanzia wiki hii kila siku kabla hujagusa faida, toa elfu mbili uweke kwenye kopo, liandike PEDI. Laki tatu zangu zikae huko huko, faida yangu ya miezi mitatu ijayo iingie kwenye kopo. Nimesema mbele ya mashahidi, kurudi nyuma siwezi tena.

Kama utasikiliza ni juu yako. Kibanda ni chako, mimi nina laki tatu na mdomo.

Haya wadau, uwanja wenu. Kuna aliyewahi kuingia kwenye banda la VR hapa mjini akarudi mara ya pili? Sio ya kwanza, nimesema ya pili. Na wenye vibanda vya gemu, mnatenga kiasi gani kwa ajili ya pedi? Shusheni komenti, jamaa anazisoma, Jumapili tuna kikao nae.